Mia Ishirini kwa Themanini

Paa la zahanati lilivuja mahali saba, na ndoo zilikuwa nne. Avelina alishazoea kuzihamisha bila kukatiza kazi. Alizisukuma kwa mguu huku mikono iko kwenye tumbo la mtu. Nje, masika ya mwaka tisini na tano yalikuwa yameingia wiki ya tatu hayajapumua. Wajawazito kumi na tisa walikaa kwenye mabenchi wamekunja miguu juu, maana sakafuni maji yalifika kwenye vifundo, na kila mmoja alishika kadi yake ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki wa rambo.

Aliwaita mmoja mmoja. Alipima uzito. Alipima tumbo kwa vidole, akainama na kipembe cha mbao sikioni, akasikiliza moyo wa mtoto huku mvua ikipiga bati juu yake. Kisha alikaa mezani, akafungua kadi, akajaza. Alipofika kwenye safu ya presha aliandika 120/80. Hakuinua macho. Aliandika hivyo kwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa wa kumi na tisa, na baadaye akayahamishia yote kwenye kitabu kikubwa cha MTUHA, cha taarifa za wilaya, ukurasa mzima wa namba moja inayojirudia.

Mashine ya presha ilikuwapo. Ilikuwa moja, ya zebaki, ndani ya sanduku la bati, waliyoletewa na wafadhili miaka kumi na miwili nyuma. Lakini miaka hii ya karibuni, kila mwezi wa tatu, mawingu ya kwanza yakijikusanya upande wa bahari, Dakta Ansbert, mkuu wa zahanati, aliifunga kwa taulo na kuipeleka kwenye kliniki yake mwenyewe kule barabarani, lami inapoanzia. Hakuwa daktari kamili, alikuwa mganga msaidizi, ila mtaa mzima wa Kwa Limbanga ulimwita Dakta, na tangu serikali iruhusu watu binafsi kufungua matibabu, hata yeye alianza kujiita hivyo.

Mwaka huo Avelina alijaribu kumzuia. Alimkuta mlangoni na sanduku kwapani.

"Dakta, naomba masika haya ibaki hapa."

"Ibaki hapa ilowe? Hebu tazama juu, Sista. Raba itaoza, zebaki itaingia maji. Wilaya wakija kuuliza mashine iko wapi, utajibu wewe?"

"Ni kwamba mvua zikianza ndipo presha za wajawazito zinapopanda. Nimeliona hilo miaka kumi na moja. Kiangazi nawapima wanawake mia, labda mmoja. Masika na kipupwe wanakuja watatu, wanne."

Dakta Ansbert alicheka, si kwa ubaya. "Mvua na presha, wapi na wapi? Wewe ni muuguzi mzuri, ila unaanza kuongea kama waganga wa ramli." Alishusha sauti. "Anayetaka kupimwa aje kule barabarani, nitampima. Si mbali."

"Na kwenye kadi niandike nini?"

"Andika ya kawaida. Mwaka jana tuliacha wazi, wilaya wakasema taarifa zetu pungufu, kasha la dawa likachelewa miezi miwili. Unakumbuka watoto waliotuishia hapa kwa kukosa klorokwini? Usiniachie nafasi tupu."

Alikumbuka. Aliwakumbuka hao watoto kwa majina. Basi akaandika.

Habari ya mvua hakuisoma kwenye kitabu. Aliambiwa na Sista Demetria, mtawa aliyemfundisha ukunga kule Songea: mvua zikianza wanawake huumwa vichwa, usiwaambie ni mawazo, wapime. Kwa nini iwe hivyo, mtawa hakusema, na pengine hakujua. Labda ni baridi inayoibana mishipa. Labda ni chakula kinachopungua. Avelina aliishia kuona tu. Mwaka themanini na nane aliwaona wawili. Mwaka tisini na moja alikuwa Tabu, mke wa fundi baiskeli, aliyepata kifafa cha mimba palepale kwenye benchi, akang'ata kijiko walichomtia mdomoni mpaka kikapinda. Mlio wa meno yale juu ya chuma haukumtoka Avelina. Kiangazi ulitulia. Matone ya kwanza yakigusa bati, alianza kuusikia tena, chini ya mvua, mahali fulani upande wa kushoto, na aligeuka kutazama hata akiwa peke yake chumbani.

Alipanga kwa Bi Mwanaasha, mjane wa Kizaramo mwenye nyumba ya vyumba sita. Alipofika pale, Mwanakombo, binti wa mwisho wa Bi Mwanaasha, alikuwa na miaka kumi, mwembamba kama kijiti, anamfuata Avelina nyuma kwa ajili ya viatu vyake vyeupe vya kazi. Sasa alikuwa na miaka ishirini na moja, mke wa Twalib, kijana aliyeachishwa kazi kiwandani na kuingia kwenye mitumba. Mimba ilikuwa ya kwanza, mwezi wa nane. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka. Asubuhi mpaka jioni alikaa ukumbini katikati ya ukili wa rangi, zambarau na kijani, na vidole vyake vilikwenda bila yeye kuvitazama.

Jumatano, siku mbili baada ya kliniki, Avelina aliporudi kazini alimkuta ameuweka mkeka pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo husuki?"

"Vidole vimekataa." Mwanakombo aliinua mkono. Vilikuwa vimejaa na kung'aa, na pete ya ndoa ilikuwa imezama kabisa katikati ya nyama. "Nashika ukili, siusikii. Na kichwa, mama, kinagonga hapa." Aliweka kiganja juu ya paji. "Tangu jana naona kama vimulimuli."

Avelina alivua kanga iliyolowa, akaitundika, akajipa muda wa kuikunjua vizuri.

"Inabidi upimwe presha," alisema.

Bi Mwanaasha alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele. "Si ulimpima Jumatatu? Twalib katusomea kadi. Kasema yuko vizuri."

Ungo ulikuwa unatikisika polepole. Mchele uliruka, ukatua. Hapo ndipo Avelina angeweza kusema. Baadaye alikuja kuirudia dakika hiyo mara nyingi: ungo, harufu ya kanga mbichi, mama na binti wanaomtazama kwa uso wa watu wanaongoja kuambiwa.

"Presha hupanda na kushuka," alisema. "Kesho nampeleka mwenyewe kwa Dakta, kule barabarani."

"Mwili kuvimba ndiyo mimba yenyewe," Bi Mwanaasha alisema. "Mie huyu nilipombeba sikuvaa kiatu miezi miwili. Lakini wewe ndiye nesi, mwanangu. Mpeleke."

Alhamisi walitoka pamoja chini ya mwavuli mmoja, wakivuka madimbwi kwa kushikana. Mwanakombo alisimama kila baada ya hatua chache na kufumba macho. Kliniki ya Dakta Ansbert ilipakwa rangi ya maziwa. Sakafu ilikuwa kavu, na kijana wa mapokezi, msichana mwenye nywele za dawa, aliwaangalia miguu yao kwanza kabla ya nyuso.

"Dakta kaenda Morogoro kwenye msiba. Anarudi Jumapili."

"Sihitaji Dakta," Avelina alisema. "Nahitaji mashine tu. Mimi ni Sista wa zahanati, mashine ni yetu. Nampima hapahapa, dakika tatu."

"Naijua, mama. Ipo kwenye kabati lile." Msichana alionyesha kabati la kioo nyuma yake. Sanduku la bati lilionekana, taulo bado limelizunguka. "Ila ufunguo anao mwenyewe."

"Huna mwingine?"

"Mie nimeajiriwa mwezi jana, mama. Nikivunja kabati nitafukuzwa."

Avelina alisogea mpaka kioo kikafanya ukungu kwa pumzi yake. Kilikuwa kioo chembamba. Kiti cha chuma kilikuwa karibu. Alikitazama kile kiti. Alikuwa na miaka arobaini na saba, amebakiza minane kufika kwenye pensheni, na msichana yule alikuwa amekwisha kusimama, ameweka mikono kifuani kwa hofu.

"Twende hospitali kubwa," Avelina alimwambia Mwanakombo.

"Kwa mvua hii, mama? Nimechoka. Acha nikalale kwanza, Twalib atanipeleka."

Wakarudi nyumbani.

Ijumaa Twalib alikuwa Tandika na mzigo wake. Ijumaa hiyohiyo daraja la miti lililovuka korongo kati ya zahanati na nyumbani lilikwenda na maji, na Avelina alilala zahanati. Jumamosi saa nne asubuhi, maji yalipopungua, akiwa njiani kurudi, alisikia kelele za wanawake kabla ya kuiona nyumba.

Mwanakombo alikuwa chini, ukumbini, juu ya ukili wake. Mwili ulikuwa umekakamaa, kisha ukaanza kurushwa, kisigino kikipiga sakafu kwa mpigo mmoja usiobadilika. Mtu alishatafuta kijiko.

"Msimtie," Avelina alisema. "Mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni."

Walimbeba kwa mkokoteni wa muuza maji mpaka barabarani, wamemfunika turubai, Twalib anasukuma na kulia kimya. Pikapu ya simenti iliwachukua. Njiani kifafa kilimrudia mara mbili.

Hospitali kubwa, wodi ilikuwa imefurika. Wagonjwa walilala wawiliwawili, na wengine chini. Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimgusa Mwanakombo shingoni, akahisi joto, akaomba kadi. Twalib aliitoa kwenye rambo kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayetoa hati.

"Presha mia ishirini kwa themanini," daktari alisoma. "Jumatatu. Mwezi uliopita pia. Vizuri." Akamgeukia muuguzi wake. "Malaria imepanda kichwani. Dripu ya kwinini."

"Daktari," Avelina alisema. "Naomba apimwe presha."

"Mama, mvua hizi nimepokea tisa wa hivi tangu jana. Wote malaria. Mashine ya wodi iko chumba cha upasuaji, na kadi hii imejazwa vizuri kuliko nyingi ninazoona." Aliitazama sahihi, kisha akalitazama gauni lake jeupe lililotapakaa tope. "Nani alimpima?"

Twalib alijibu haraka, akiona hilo linasaidia. "Ni huyuhuyu mama. Ni nesi wetu. Tunaishi naye."

"Wewe ndiye uliyempima?"

"Ndiyo," Avelina alisema.

"Na unataka kuniambia ulikosea?"

Bi Mwanaasha alikuwa ameketi sakafuni, ameshika mguu wa binti yake. Aliinua uso. Hakukuwa na shaka yoyote katika uso ule.

"Huenda imepanda tangu siku ile," Avelina alisema.

"Huenda," daktari alisema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kwinini ilianza kudondoka saa sita kasoro. Avelina alisimama akihesabu matone. Alijua chumba cha upasuaji kiko wapi. Aliwahi kufanya mazoezi pale. Saa saba na nusu alitoka, akapita korido nzima, akamkuta muuguzi wa upasuaji anakunja vitambaa. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti, "Sikumpima. Hatuna mashine. Niliandika tu."

Yule muuguzi hakumkaripia. Alichukua mashine, akatembea naye, akafunga raba mkononi mwa Mwanakombo, akapuliza. Zebaki ilipanda na ikaendelea kupanda. Mia mbili na kumi kwa mia thelathini na tano. Akapuliza tena, akapata ileile. Daktari aliitwa, akaja mbio, akaamrisha kwinini itolewe, akataka valiamu, akataka damu, akataka upasuaji utayarishwe. Alifanya yote kwa haraka na kwa ustadi. Mtoto, wa kike, alitolewa saa kumi, hajapumua. Mama yake alikufa kabla ya magharibi.

Kwenye cheti waliandika malaria kali. Karani alikwishajaza fomu ya ugonjwa asubuhi wakati wa mapokezi, na fomu nyingine hazikuwapo mpaka Jumatatu.

Matanga yalifanyika kwa mvua. Watu walikaa chini ya turubai, na Avelina aliosha vyombo kwa siku tatu, kwa sababu hakuweza kukaa na wenzake. Kila aliyekuja kumpa pole Bi Mwanaasha alisikia maneno yaleyale. "Huyu mtu baki ndiye aliyehangaika na mwanangu. Akampeleka kwa mguu mpaka kwa Dakta. Akaomba apimwe, wale wakakataa. Mungu amlipe." Na wageni waligeuka kumtazama Avelina pale kwenye karai, wakatikisa kichwa kwa shukrani.

Wiki zilizofuata Bi Mwanaasha alikuja jioni kukaa chumbani kwake. Wakati mwingine alilala usingizi kitini. Mara mbili Avelina alianza. "Bi Mwanaasha, kuhusu ile kadi." Mara zote mbili mama yule aliinua mkono. "Usinitajie, mwanangu. Nimeihifadhi. Ndiyo karatasi pekee yenye jina lake." Mvua ilipoanza, Avelina hakuusikia tena mlio wa meno kwenye kijiko. Alisikia kisigino, kikipiga sakafu ya ukumbini kwa mpigo uleule, nje kidogo ya mlango.

Mwezi wa saba, baada ya arubaini kupita, alikwenda ofisi ya afya ya wilaya. Ofisa wa takwimu, Mama Tusajigwe, alikuwa mwanamke mpole mwenye sweta kwa ajili ya baridi ya kipupwe. Alimpa chai. Ukutani alibandika karatasi ya mistari, na kila mstari ulikuwa zahanati moja.

"Ninyi wa Kwa Limbanga mmenipa raha," alisema. "Tazama hawa wengine. Mwezi wa tatu hadi wa sita mistari inapanda, inapanda. Nilitaka kuandika kwamba presha ya wajawazito inakwenda na majira, tuombe mashine za ziada kwa masika. Lakini mstari wenu haukutikisika tangu mwaka uanze, na ninyi ndio mnapokea wengi kuliko wote. Nilipochanganya wastani, hoja ikafa. Taarifa imekwisha kwenda wizarani."

"Mstari wetu ni wa uongo," Avelina alisema.

Akaeleza yote, tangu taulo mpaka kabati la kioo. Mama Tusajigwe aliweka kikombe chini. Alikwenda kufunga mlango, akarudi, akafungua nakala ya kitabu cha MTUHA cha Kwa Limbanga.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na sahihi?"

"Yangu."

"Kuna mahali popote Dakta Ansbert ameandika chochote?"

Avelina alifikiri. "Hapana."

"Dada yangu," Mama Tusajigwe alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli, "ukitoka humu bila kuandika maelezo, mimi sijakuona. Ukiandika, nitalazimika kuyapeleka. Na yatamkuta mtu mmoja tu."

Avelina aliomba karatasi. Aliandika kurasa mbili, akatia sahihi kila ukurasa.

Barua ilikuja baada ya siku kumi na nane. Haikutaja kadi wala kifo. Ilisema kwamba katika zoezi la serikali la kupunguza watumishi, nafasi yake imeonekana ya ziada. Dakta Ansbert alimuaga kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema ni zoezi la nchi nzima, asilichukulie moyoni, na kama atapenda kazi kule barabarani, waongee.

Muuguzi mpya alikuja mwezi wa tisa, msichana mtaratibu mwenye mwandiko wa kupendeza.

Avelina alibaki kwa Bi Mwanaasha. Hakuwa na pa kwenda, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya kuhama. Aliuza mkaa kwa mafungu barazani, na wajawazito waliokuwa wakitoka zahanati walipita hapo, wengine wakasimama kumsalimu kwa mazoea. Masika mengine yakaingia. Jumatatu moja ya mwezi wa nne alisimama Zubeda, mke wa fundi cherehani wa kona, mimba ya miezi sita.

"Nesi, kichwa kinaniuma tangu juzi. Huko wameniambia ni mawazo."

Avelina alipangusa mkaa mikononi. Akamkalisha kwenye kigoda, akauinua mguu wake mmoja, akaulaza juu ya paja lake mwenyewe. Aliweka dole gumba juu ya mfupa wa ugoko, akabonyeza, akahesabu mpaka kumi. Alipoliondoa, pale palibaki shimo kwenye nyama iliyovimba.

"Nipe kadi."

Zubeda aliitoa kwenye mfuko. Avelina aliifungua kwa mkono mmoja. Mwandiko ulikuwa mzuri, mwororo, kila namba ndani ya mraba wake. Mwezi wa pili, 120/80. Mwezi wa tatu, 120/80. Leo, 120/80. Chini ya leo ilifuata tarehe ya mwezi wa tano, na ya mwezi wa sita, na ya mwezi wa saba, zote zimekwishajazwa mpaka mwisho wa safu.

"Wamekuandikia lini hizi za mbele?"

"Leo. Yule dada kasema mvua nyingi, foleni ndefu, anatupunguzia kazi." Zubeda aliinama kutazama. Hakujua kusoma. "Wamesemaje, Nesi? Niko vizuri?"

Matone mazito yalianza kudondoka kwenye vumbi la mkaa. Avelina alikuwa akiutazama ugoko, mahali alipobonyeza, akingoja lile shimo lijae.